Fremu Inayonitosha Mimi

Tudor, Mombasa
Jumapili, baada ya ibada

Kwako Mama Mghoi,

Pokea salamu za mumeo, mtu mzima kabisa kutoka kiunoni kwenda juu. Kutoka kiunoni kwenda chini nitakueleza, tena barua karibu yote ni ya huko chini. Wewe je, kile kikohozi kimekuacha? Yule mbuzi mtundu bado anaingia kwenye mihogo ya watu na kukuletea maneno? Mvua imenyesha Mwatate, au bado ni mawingu ya kuwachezea tu? Nauliza haya nikijua utayajibu ukiwa umekaa hapo jikoni peke yako, na mimi sitasikia. Lakini nisipouliza utasema mji umenitoa adabu.

Usishtuke kuona barua, hakuna aliyekufa. Simu tunazo sote wawili. Ila kwa simu mimi na wewe tumekuwa watu wa "sawa", "haya", "basi tutaongea". Nikianza jambo refu wasema mtandao unakatika, na mimi nasikia kuku wako wakilia hapo nyuma, waziwazi, kana kwamba nimekaa nao. Basi nimenunua karatasi. Karatasi huwezi kuiambia mtandao mbaya.

Jambo lenyewe ni lile la siku ile. Nilikupigia kukwambia baiskeli yetu imekufa, nikakuuliza ninunue ipi, kubwa kama ile au namna gani. Halafu ukasema, "Baba Mghoi, nunua inayokutosha wewe. Mimi siji huko. Nimezoea huku." Ukaniambia nile vizuri, ukakata.

Nimezoea! Neno dogo hivyo, nimelitafuna wiki nzima na zaidi na halimezeki. Ungesema umekasirika ningejua pa kuanzia. Ungesema ni mbuzi, ni shamba, ni mjukuu, ningekungoja kama nilivyokungoja. Mama yangu alipopooza tulisema utakuja akipata nafuu. Hakupata, ukamwuguza peke yako mpaka siku yake, Mungu akulipe, maana mimi sina cha kukulipa. Tulipomzika tukasema utakuja baada ya mavuno. Sijui ni mavuno yapi tuliyosema. Mghoi alikuwa hajaota meno nilipoondoka, na sasa ana mtoto wake anayeng'oka meno. Hapa Mombasa umefika mara moja tu, kumleta mama hospitali, na mji hukuuona, uliona dirisha la wodi.

Nikasema moyoni, huyu mwanamke hawezi kunichagulia baiskeli kutoka Mwatate. Nitanunua kubwa vilevile.

Najua utauliza ile ilikufaje. Ilivunjika pale chini ya kiti, vyuma vinapokutana. Ilikuwa imeshachomelewa pahali papo hapo, ikachomelewa tena, na safari hii mchomeleaji aliitazama akaniambia, "Mzee, hapa nachomelea kutu juu ya kutu. Nenda ukazike." Sikumwelewa kwa nini ikatike pale pale kila mara. Sasa nimeelewa, nitakwambia.

Basi Jumamosi ya wiki iliyopita nikaikokota mpaka Bondeni, kwa Bi Zuhura. Humjui. Ni mjane wa yule fundi aliyenizibia matairi tangu nilipofika mji huu. Mumewe alipofariki watu walidhani ataliuza duka, yeye akakunja mikono ya buibui lake akashika spana. Kucha zake zina hina na grisi pamoja. Auza baiskeli kuukuu zinazoletwa kwa makontena kutoka ng'ambo, na zile nyeusi ndefu za Kihindi kama yetu. Mdomo anao, tena mkali, lakini moyo hana mbaya.

Nilipobisha hodi alikuwa akinywa chai. "Karibu, Mtaita. Wa kwenu hawajambo?" Nikamwambia hawajambo. Akaitazama fremu iliyokatika, akanitazama mimi kuanzia viatu kupanda juu, akatikisa kichwa.

"Hii haijawahi kuwa yako," akasema. "Wewe ni mtu wa miguu mifupi na mgongo mrefu."

Usicheke, Mama Mghoi. Najua wacheka. Tangu ujana wetu kazi yako ni kunikumbusha nani mrefu na nani wa kadiri, na mama, Mungu amlaze pema, alizoea kusema picha yetu ya harusi ilipigwa mimi nikiwa bado niko njiani kusimama. Lakini kuambiwa na mwanamke wa watu mbele ya wapita njia kwamba nina miguu mifupi, jamani, niliona haya.

Nikamwambia sikuja kupimwa. Nataka kubwa, nyeusi, yenye keria nzito nyuma, kama hii.

"Ya nini?"

"Nabeba."

"Wabeba nani?"

"Mke wangu."

Akaweka kikombe chini. "Huyo mkeo yuwaja lini?"

Nikasema, "Karibuni."

"Karibuni hiyo mume wangu aliisikia, Mungu amrehemu, kaburini kaenda nayo. Mimi nami naisikia. Nambia leo nyingine."

Nikasimama pale nimeshika usukani wa baiskeli iliyokatika, na ule mto wako uko juu ya keria, ndani ya mfuko wa nailoni. Mto unaukumbuka? Ule ulioshona kwa kipande cha leso yako ya njano tulipofunga ndoa, ukaujaza sufi, ili ukae vizuri nyuma. Nilikuja nao huku. Nimeubadilisha mifuko ya nailoni sijui mingapi ili usinyeshewe, na hakuna aliyewahi kuukalia. Pale kwenye ghala la chai, Shimanzi, wenzangu wakiniomba niwasogeze mpaka stendi huwaambia, "Samahani, keria ina mwenyewe." Wamenipa jina hilo. Nikiingia getini asubuhi, askari aita, "Keria Ina Mwenyewe amefika, fungua."

Bi Zuhura akautazama mto, akanitazama. Nadhani alinihurumia, na yeye akimhurumia mtu humfokea. Akasema, "Haya. Wataka kubwa, kubwa hii hapa. Lakini siuzi baiskeli ya watu wawili kwa kujaribiwa na mtu mmoja. Mkeo tumpakie."

Akaenda duka la jirani, la nafaka, akamwomba mwenye duka amwazime gunia la mchele. Akarudi mpaka mlangoni akanipigia kelele, "Nambia uzito wake! La ukubwa gani?"

Mama Mghoi, sikujua.

Nilisimama nikifikiri na sikujua. Mara ya mwisho kukubeba Mghoi alikuwa hajazaliwa. Krismasi hii iliyopita sikuja, na ile ya kabla yake nilikushika mkono tu pale stendi, na mkono haumwambii mtu uzito. Umenenepa? Umekonda na kile kikohozi? Mwanamume aliyekuwa akiringa kwamba anunua baiskeli kwa ajili ya mkewe hawezi kusema mkewe ana uzito gani. Nikaonyesha gunia la kadiri. Nikachagua kama ulivyokuwa siku nilipokutoa kanisani nikakupakia, shela umelifunga fundo lisiingie kwenye spoku. Sikuwa na kipimo kingine.

Wakalifunga gunia juu ya keria ya ile baiskeli kubwa. Nikauweka mto chini yake, usiniulize kwa nini. Bi Zuhura akasema, "Enda naye mpaka Ngomeni urudi. Ukirudi salama nakuuzia."

Nikaondoka. Na nitakwambia kweli, ilikuwa tamu. Baiskeli yenye mzigo nyuma inatulia barabarani, hairukiruki, na nilikuwa nimesahau. Nikashuka na Bondeni, nikaingia Mji wa Kale, nikashika Ndia Kuu ile barabara nyembamba ambayo ghorofa zake zimeinamiana, na nguo zimeanikwa juu ya vichwa vya watu. Kulikuwa na kivuli na harufu ya kahawa.

Nikajikuta naongea.

Nikasema, tazama mlango huo, nakshi yote hiyo ni mikono ya mtu. Nikasema, hawa paka usiwaone wamekonda, wana kwao, kila mmoja na nyumba anayolishwa. Nikasema, yule pale na birika la shaba ni muuza kahawa, tukirudi nitakununulia na kashata, utaona ni chungu lakini ukishazoea huachi. Nilisema hayo yote kwa sauti, nikigeuza shingo kidogo kama mtu anayesemesha aliye nyuma. Nikafika mpaka Ngome ya Yesu, upepo wa bahari ukanipiga, nikasema, na hii ndiyo ngome, Mama Mghoi, ile iliyo kwenye kitabu cha Mghoi cha shule, umeiona sasa.

Kulikuwa na kijumba cha wauza vinyago, na mmoja wa wale wanaotembeza wageni alikuwa ameegemea hapo. Akaniambia kwa upole, si kwa dhihaka, "Mzee, mgeni wako mbona hajibu?" Wenzake wakacheka. Mimi nami nikacheka, maana ningefanya nini?

Lakini kicheko kiliponitoka kilitoka na kitu kingine. Niligeuka nikaliona gunia. Lina maandishi ya kiwanda ubavuni, na kamba ya katani imelizunguka tumboni. Miaka yote ile nilijiambia nakutunzia nafasi. Nimeitunza kweli, na aliyekuja kukaa ni mchele.

Nikaanza kurudi. Sasa sikuongea tena. Pale Ndia Kuu inapojipinda, tuktuk ikachomoza mbele yangu ghafla, nikakaba breki. Baiskeli ikasimama. Nikashusha mguu kuitafuta ardhi, na ardhi haikuwepo.

Nataka uelewe vizuri jambo hili kwa sababu barua yote iko hapa. Baiskeli ile ni ndefu, kama yetu iliyokufa. Nikiwa peke yangu, kusimama kwangu huwa ni kujitupa mbele ya kiti na kuilaza baiskeli ubavu mmoja, mguu mmoja unagusa kwa vidole tu, ama natafuta ukingo wa barabara nikanyage hapo. Nimefanya hivyo asubuhi na jioni, Tudor kwenda Shimanzi na kurudi, na kila mara baiskeli inalala upande ule ule. Ndiyo sababu fremu ilikatika pahali pale pale. Ndiyo sababu na nyonga yangu, inayoniuma siku nyingi, imeharibika vilevile. Lakini ukiwa na mzigo nyuma, baiskeli ikishalala hairudi. Mzigo unakwenda nayo.

Tulianguka. Gunia lilipasuka, mchele ukamwagika Ndia Kuu yote mpaka mlangoni kwa watu. Yule wa tuktuk akashuka akisema, "Pole mzee, pole sana, umeumia?" Mama mmoja mtu mzima akateremka ghorofani na ungo, akachutama kuzoa akinisema, "Baba wewe, chombo hukifikii wakipandia nini?" Paka wakaja kutazama, wakaona si samaki, wakaenda zao. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye baraza ya mtu, nimeshika nyonga, nafikiri jambo moja tu. Lingekuwa wewe.

Lingekuwa wewe, ningekuvunja. Siku ya kwanza ya kukuonyesha mji ningekuangusha mbele ya watu, kichwa kwenye jiwe. Na baiskeli ya namna hiyo ndiyo niliyokuwa nikikutunzia.

Hapo ndipo akili ikarudi nyuma mpaka Mwatate. Nikajiuliza, mbona kule sikukuangusha? Baiskeli yetu ilikuwa ndefu vilevile. Miguu yangu ni hii hii, haikuwahi kuwa mirefu. Na nilikuwa nasimama nawe! Pale reli inapokata barabara, tulikuwa tukingoja treni ipite, mimi nimekaa juu ya kiti, mikono kwenye usukani, baiskeli imetulia tuli, haitikisiki. Watu walikuwa wakinisifu. Ndugu yangu Mwadime alisema, "Huyu jamaa ana mizani." Nimeringa kwa mizani hiyo hapa ghalani tangu nifike. Nimewasimulia watu.

Ni wewe. Ulikuwa ukishusha miguu.

Ulikuwa umekaa huko nyuma na miguu yako mirefu, nikikaba breki tu waishusha yote miwili chini, unatushikilia sote wawili mpaka treni ipite. Halafu waipandisha kimya kimya, nami nakanyaga pedeli nikipiga mluzi. Na viatu vyako vya plastiki, vilivyokuwa vikiisha kisigino kabla ya wakati, nilikugombeza kwavyo! Nilikwambia hujui kutunza kitu. Hukusema neno. Ulijua? Ulijua siku zote kwamba sifiki, ukaniacha niringe?

Nililia, Mama Mghoi. Mzee mzima, kwenye baraza ya watu nisiowajua, na mchele umenijaa kwenye viatu. Yule mama wa ungo akadhani ni nyonga, akaniletea maji.

Niliporudi dukani, nikiikokota ile baiskeli na gunia limebaki nusu, Bi Zuhura alisimama mlangoni akanitazama goti lililochubuka. "Mkeo yuwapi?"

Nikamwambia, "Nusu yake iko Ndia Kuu."

Alicheka mpaka akashika nguzo, kisha akaniona uso, akaacha. Hakuniambia, "Nilikwambia." Aliingia ndani akatoka na ufagio wa mti mrefu na kipande cha chaki. Kupima kwake ni hivi: yeye ni mwanamke wa heshima zake, hawezi kumpima mwanamume mapajani. Basi akupa ufagio, wewe waingia nyuma ya pazia, wavua viatu, wasimama umegusa ukuta, mti wa ufagio waubana katikati ya miguu mpaka juu kabisa, halafu watia alama ya chaki ukutani pale unapofika. Yeye amekupa mgongo, atazama barabara, asema tu, "Usijipunje wala usijizidishe, ukuta hauna wa kumwonea haya." Ukitoka ndipo aingia na kamba yake akapima kutoka chini mpaka kwenye chaki.

Ukuta ule umejaa alama. Watu warefu, watu wafupi. Yangu iko chini, karibu na za watoto wa shule. Sikuizidisha.

Akanitolea baiskeli ndogo ya kijani, kuukuu, ina mkwaruzo shingoni. Akaniambia nisimame juu yake. Miguu yote ikafika chini, na chuma cha juu kikaniachia nafasi ya ngumi. Akainua kiti kidogo. Nikikanyaga pedeli mpaka chini, mguu unanyooka, goti linabaki limepinda kidogo tu, na kiuno hakisogei huku na huku. Nikaizungusha pale mbele ya duka. Mara ya kwanza tangu nifike Mombasa sikuumia kuendesha baiskeli. Nilitaka kukasirika na sikuwa na wa kumkasirikia.

Kisha ikaja habari ya keria. Fremu ile ni fupi, haina mahali pa kufungia keria kubwa, matundu hayakutani. Bi Zuhura akaigeuza geuza, akasema, "Naweza kukuchomelea vyuma viwili hapa, ikakaa. Haitakuwa nzuri, lakini itakaa. Nichomelee?"

Alikuwa ameshika keria mkono mmoja na mto wako mkono wa pili, anangoja. Watu walikuwa wakipita. Nikawaza ile sauti yako, na wale kuku nyuma yake. Uliniambia ninunue inayonitosha mimi.

Nikasema, "Acha."

Akaniuliza, "Hakika?"

Nikasema, "Acha, Bi Zuhura. Amezoea."

Aliweka keria kwenye chuma chakavu, akaupangusa mto kwa ncha ya buibui lake, akanipa. Mchele ule nimeulipa na nimepewa uliozolewa, nami naula mpaka leo. Una mchanga, hata niuoshe vipi, nala polepole kwa kuogopa meno.

Nyonga nilikwenda kuionyesha hospitali Jumatano. Daktari ni binti mdogo wa rika la Mghoi, mpole. Aliniuliza nimepanda baiskeli ya namna gani miaka yote hii, nikamweleza. Akasema mfupa umelika na haurudi, kilichobaki ni kuutuliza. Akasema hii ya sasa itanifaa, ila ingefaa zaidi ingekuja mapema. Nikamwambia hayo nayajua. Basi naendesha fremu inayonitosha kwa nyonga isiyotosha kitu. Kazini bado wananivumilia, ingawa msimamizi ameanza kunitazama ninapopanda ngazi za ghala, na mtu akianza kutazamwa vile, hana siku nyingi. Mikono yangu mizima na kuhesabu bado nahesabu vizuri. Sikuandikii haya unihurumie. Nayaandika kwa kuwa nilisema nitakueleza ya huko chini.

Na sikuandikii uje. Nilianza karatasi hii nikidhani nitakuomba kwa mara nyingine, nimefika hapa sioni naomba nini. Nije nikuchukue na nini? Huko kwenu una nyumba, una mbuzi, una watu wanaojua jina lako. Huku mimi nina chumba kimoja, na maji yanayokuja kwa mkokoteni yakitaka. Ulishikilia baiskeli, ukamshikilia mama, ukamshikilia Mghoi, ukashikilia shamba. Ukisema umezoea, nadhani umechoka kunishikilia, nawe una haki.

Nisalimie binti yetu Mghoi na mumewe, na yule mjukuu mng'oka meno, mwambie babu yake naye anang'oka, yuko kwenye mashindano. Nisalimie ndugu yangu Mwadime, na umwambie ukweli kuhusu ile mizani, mimi nimeshindwa. Nisalimie mama yako mzazi, mkwe wangu, na ukanishikie miguu yake. Nisalimie na katekista wetu, aliyetufungisha ndoa, na jirani yako wa ng'ambo ya reli anayekupelekea dawa za kikohozi. Hata yule mbuzi.

Pamoja na barua hii nimempa dereva wa basi la Voi kifurushi. Ni mto wako. Usidhani nakurudishia kwa hasira. Nilijaribu kuuacha hapa chumbani, nikauweka kitandani, nikauweka kwenye kiti, kila mahali unaonekana umekosea nyumba. Ufungue uone, leso bado ni ya njano kama ulivyoishona, sufi haijalala upande wowote. Una tundu moja tu pembeni, la lile gunia, nimelishona mwenyewe kwa uzi mweupe, wa njano sikupata. Ukalie hapo jikoni unapomenya mihogo. Angalau ukaliwe.

Baiskeli hii ni nzuri, sikudanganyi. Nikifika kwenye taa za barabarani nakaba breki, na miguu yangu yote miwili yafika chini, kisigino na vidole, bila kulala upande. Lakini mwili una mambo yake, Mama Mghoi. Kila nikisimama kuna kitambo kidogo kabla sijashusha mguu, baiskeli imeanza kuyumba na wa nyuma wananipigia honi. Nangoja kwanza ushushe wako.

Ni mimi mumeo, wa kadiri,
Baba Mghoi